Mzigo na Moyo wa Mchukuzi

(Maneno ya kamati ya afya ya tawi mbele ya wanachama. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamuni siku ile.)



Tumeombwa kusema juu ya moyo. Twajua kwamba wengi wenu mmekuja kusikia habari za kifungu cha mapumziko katika makubaliano mapya, wala hamkuja kusikia mambo ya udaktari. Lakini tunasema tangu mwanzo kwamba mambo haya mawili ni jambo moja, na ndiyo sababu Halmashauri imetupa nafasi hii. Wako kati yetu wanaosema waziwazi kwamba kifungu hicho kiachwe, kwa kuwa wanalipwa kwa gunia, na dakika ya kukaa chini ni dakika isiyo na senti. Hatuwacheki ndugu hao. Mwenye nyumba hapokei mapigo ya moyo badala ya kodi. Ila twawaomba wasikilize kwanza ni nani ndani ya mwili anayelipia mzigo, kisha wapige kura yao.

Kila mmoja akunje ngumi. Moyo wa mtu mzima ni karibu kadiri ya ngumi yake. Ni msuli, kama misuli mingine, ila misuli ya mkono hulala usiku na huo haulali. Mtu akiwa amekaa kitako, hana haraka wala hasira, moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika; wengine 60, wengine 80, yote ni sawa. Kila pigo husukuma damu ya kujaza kikombe kidogo cha kahawa, kile cha muuza kahawa wa barabarani hapa Mombasa. Fanyeni hesabu: vikombe 70 kwa dakika ni karibu lita 5, na damu yote iliyomo mwilini mwa mtu mzima nayo ni kama lita 5. Maana yake damu yako yote huzunguka mwili na kurudi moyoni kwa muda wa dakika moja hivi, na wewe umekaa tu. Kwa zamu ya saa 8 ni lita 2,400, ndiyo mapipa 12 makubwa ya lita 200. Na hiyo ni kazi ya moyo wa karani aliyeketi kitini.

Sasa nyapara anaita, na gunia linangoja. Hata kabla mkono haujaligusa, ubongo umekwisha kupeleka habari. Wakati wote wa kupumzika kuna mishipa ya fahamu inayoushika moyo kama breki. Breki hiyo inaachiliwa kwanza, na mapigo yanapanda mara moja. Kazi ikizidi, mishipa mingine ya fahamu huuchochea moyo, na dawa ya mwili wenyewe iitwayo adrenalini humwagwa katika damu. Mapigo yanakwenda 100, yanakwenda 120, na kwa mzigo mzito juu ya ngazi yanafika 150 na kupita. Tena kila pigo lenyewe husukuma damu nyingi kuliko kawaida. Zile lita 5 za dakika moja zinakuwa 15, hata 20. Wakimbiaji wakubwa waliozoezwa miaka mingi hupita 30.

Damu hiyo yote haigawanywi sawasawa. Mtu akikaa, misuli yake hupata kama sehemu moja katika tano. Akifanya kazi ngumu hupata kama nne katika tano. Mishipa midogo iliyo katika msuli unaofanya kazi hutanuka kwa sababu ya taka za msuli wenyewe, kama kwamba msuli unafungua mfereji wake bila kungoja ruhusa. Tumbo na mafigo hufungiwa mifereji yao kwa wakati ule. Ubongo tu ndio haunyimwi posho yake. Kwa hiyo mtu aliyekula ugali wa kushiba na kurudi mara moja chini ya gunia ameweka wadai wawili mbele ya mlipaji mmoja, na kila mmoja hapa anajua tumbo husemaje siku hiyo.

Damu iliyokwenda miguuni inarudije juu? Mishipa ya kurudishia damu ina vilango vidogo vinavyofunguka upande mmoja tu, na kila hatua unayokwenda misuli ya muundi huibana mishipa hiyo na kuisukuma damu kuelekea moyoni. Basi mguu nao ni pampu. Tumewahi kuona mtu anashusha gunia la mwisho, anasimama wima kupangusa jasho, mara anaona giza na kuanguka. Watu husema amerogwa, au hakula asubuhi. Mara nyingi ni pampu ya miguu iliyosimama ghafula wakati mishipa yote imetanuka, damu ikabaki chini na ubongo ukakosa. Ukimaliza mzigo, tembea kidogo, kisha ukae. Na aliyeanguka namna hiyo alazwe chali, ainuliwe miguu, asishikwe na kusimamishwa kwa nguvu kama tunavyozoea kufanya.

Tuingie katika jambo la presha, maana hapa ndipo mchukuzi anapotofautiana na mkimbiaji. Daktari akikupima hukuambia namba mbili, kama 120 kwa 80. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma. Ya chini ni wakati moyo umelegea. Mtu anayekwenda kwa mwendo mzuri, hata mbio, namba yake ya juu hupanda, pengine ifike 180 au zaidi, lakini ya chini hukaa karibu pale pale, kwa kuwa mishipa ya miguu imetanuka na damu ina njia. Mtu anayeshika mzigo bila kusogea, amekaza mikono, amekaza mgongo, hana njia hiyo. Msuli uliokazwa na kubaki umekazwa huibana mishipa yake yenyewe. Damu inazuiwa mlangoni, msuli unalilia hewa, na moyo unajibu kwa kusukuma kwa nguvu zaidi. Namba zote mbili hupanda pamoja. Ndiyo maana kushikilia kasha kifuani dakika mbili, ukingoja mwenzako asogeze ubao, huchosha kuliko kutembea nalo.

Mkiongeza na kubana pumzi, ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1985 wataalamu wa Kanada, wakiongozwa na MacDougall, waliwapima vijana wenye afya waliozoea kunyanyua vyuma, kwa kuingiza kijirija chembamba ndani ya mshipa wa mkono. Walipokuwa wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili, presha ilifika kwa wastani 320 kwa 250, na mmoja alipita 480 kwa 350. Hizo ni namba za nukta chache tu, kisha zikashuka. Hatuzitaji ili kuwatisha. Mshipa mzima huvumilia. Lakini si kila mtu ana mshipa mzima, na wengi hawajui walicho nacho. Uchunguzi wa serikali ya Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi hata mara moja kupimwa. Mkijihesabu katika ukumbi huu, mtajua maana yake. Presha haina maumivu. Mtu huiona siku imeharibu kitu.

Kwa hiyo unaponyanyua, toa pumzi, usiibane. Wazee wetu waliokuwa wakiimba pamoja wakati wa kuvuta kamba na kuinua mizigo hawakusoma kitabu cha daktari, lakini mtu anayeimba hawezi kubana pumzi. Nyapara anayekataza watu kuimba kazini atafute sababu nyingine ya kujionyesha.

Tena kuna jua. Wenzetu wa Limuru wana mizigo yao na baridi yao. Sisi wa pwani tuna mzigo na joto pamoja, na hewa yenye maji mengi ambayo jasho halikauki ndani yake. Jasho lisilokauka halipoozi mwili, linadondoka tu. Hapo damu ina mabwana wawili: misuli inaitaka ili ifanye kazi, na ngozi inaitaka ili itoe joto nje. Na wakati huo huo damu yenyewe inapungua, kwa sababu jasho linatoka katika maji ya damu, na katika kazi ngumu ya joto mtu hupoteza lita nzima kwa saa moja au hata zaidi. Damu ikipungua, kila pigo linasukuma kidogo, na moyo lazima uongeze idadi ya mapigo ili ufikishe kipimo kile kile. Ukimpima mchukuzi saa 2 asubuhi na gunia la kilo 50, na ukampima saa 8 mchana na gunia lile lile, mwendo ule ule, ngazi ile ile, mapigo yake hayatakuwa yale yale. Mizani ya mwajiri inasema magunia ni sawa. Moyo unasema gunia la mchana ni zito zaidi, na moyo ndio unaosema kweli.

Maji basi si zawadi. Mtu anywe kidogo kidogo kila robo saa, asingoje kiu, wala asinywe kopo tatu kwa mkupuo saa ya chakula. Katika ghala moja tulilolijua, bomba liliwekwa upande wa pili wa uwanja, na mtu aliyekwenda kunywa alihesabiwa kuwa ameacha kazi. Hatutalitaja. Mambo ya namna hiyo bado yako, na kila tawi lina orodha yake.

Mpaka hapa tumesema juu ya damu inayolisha mwili. Na moyo wenyewe unalishwa na nani? Una mishipa yake, midogo, inayozunguka juu yake kama mizizi. Misuli mingine ikipita damu huchukua sehemu tu ya oksijeni na kuacha akiba, ili siku ya kazi ichukue zaidi. Moyo hauna akiba hiyo: hata mtu akiwa amelala, unachukua karibu yote inayopita. Ukihitaji zaidi hauna njia ila kuletewa damu zaidi. Nao huletewa hasa wakati umelegea, kati ya pigo na pigo, kwa kuwa ukijikaza unaibana mishipa yake wenyewe. Mapigo yakiwa 70, nafasi hizo za kulegea ni ndefu. Yakiwa 150, nafasi ni fupi sana, na kazi ni kubwa. Ni sawa na mtu ambaye kadiri kazi inavyozidi ndivyo saa yake ya chakula inavyokatwa.

Kwa mwenye mishipa safi haidhuru, kwani mishipa hiyo hutanuka, na damu ya kulisha moyo huongezeka mara nne au tano. Lakini mshipa uliozibwa nusu kwa mafuta, kwa tumbaku, kwa presha ya miaka mingi, au kwa sukari, hautanuki. Mtu huyo akikaa hana neno. Akipanda ngazi na mzigo, anasikia kifua kinabanwa kama kwa jiwe, maumivu yanakwenda bega la kushoto, mkono, au taya. Akisimama dakika chache yanaondoka, naye anasema ni gesi ya tumbo. Ndugu, maumivu yanayokuja na mzigo na kwenda na mapumziko si gesi mpaka daktari aseme ni gesi. Na yasiyoondoka kwa kupumzika, yenye jasho baridi na kichefuchefu, ni ya hospitali saa ile ile, si ya kungoja zamu iishe.

Daktari mmoja wa London, William Heberden, alieleza ugonjwa huo mbele ya madaktari wenzake mwaka 1768. Alimtaja mgonjwa mmoja aliyejiwekea kazi ya kupasua kuni kwa msumeno nusu saa kila siku, akawa karibu kupona. Hapo patawashangaza. Mzigo unaleta maumivu, na msumeno unaponya? Swali hilo lilikaa karibu miaka 200, na waliolisogeza mbele walikuwa wafanyi kazi wa mji huo huo.

Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walitoa hesabu za watu wa mabasi ya London, yale ya ghorofa mbili. Kila basi lilikuwa na dereva aliyekaa siku nzima na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tikiti. Mji mmoja, basi moja, lakini makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na waliougua hawakufa upesi kama wao. Watu wa posta walionyesha vivyo hivyo: mpeleka barua kwa miguu au kwa baisikeli alikuwa na nafuu kuliko karani wa ofisini. Morris alikuwa mtu mwaminifu. Mwaka 1956 alikwenda kuangalia vipimo vya nguo za kazi, akaona kwamba madereva walikuwa na viuno vinene kuliko makondakta tangu siku ya kupewa suruali ya kwanza. Yaani tofauti nyingine ilikuwapo kabla ya kazi. Hata hivyo ngazi zilibaki na sehemu yao.

Kisha wakaja makuli wenzetu. Huko San Francisco, Marekani, mwaka 1951, makuli wa bandari walipimwa afya zao kwa mpango wa chama chao, na Ralph Paffenbarger akafuata maisha yao miaka 22. Hesabu ya watu 6,351 ilitolewa mwaka 1975, na ikaonyesha kwamba waliobeba shehena nzito walikufa kidogo kwa ugonjwa wa moyo kuliko wenzao wa kazi nyepesi.

Tunajua mwajiri akisoma habari hiyo atasema nini. Atasema: mnaona, gunia ni dawa, mwataka mapumziko ya nini? Basi na tuisome mpaka mwisho. Paffenbarger mwenyewe aliandika juu ya vipindi vifupi vya nguvu nyingi vinavyorudiwa, si juu ya mzigo usiokatika. Na makuli wa pwani ile hawakuwa watu wa kusukumwa tu. Tangu mgomo wao mkubwa wa mwaka 1934 walikuwa na chama chenye nguvu na nyumba yao ya kugawa kazi, na katika magenge mengi ilikuwa desturi nusu ya watu wabebe na nusu wapumzike, kisha wabadilishane. Wenye meli waliilalamikia desturi hiyo miaka mingi. Kwa hiyo aliyepimwa na Paffenbarger alikuwa mchukuzi mwenye mapumziko. Habari za mchukuzi asiye nayo hazimo katika hesabu ile.

Habari hizo zimetoka Denmaki. Andreas Holtermann na wenzake waliwafuata watu wazima zaidi ya 104,000 wa Copenhagen, wakawauliza mambo mawili mbalimbali: wanatumia mwili kiasi gani kazini, na kiasi gani wakati wao wenyewe. Mwaka 2021 walitoa majibu. Waliotumia mwili sana katika wakati wao walipata ugonjwa wa moyo kidogo. Waliotumia mwili sana kabisa kazini walipatwa zaidi, kwa karibu asilimia 35, wakilinganishwa na wenye kazi nyepesi. Wako wataalamu wanaobisha, wakisema mtu wa kazi nzito mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo, nyumba mbaya na sigara, na kwamba hesabu haiwezi kuyatoa yote hayo. Sisi twaona ubishi huo una haki, lakini haubadili neno lililo mbele yetu. Hata hao wa Copenhagen hawasemi jasho ni sumu. Wanasema mkimbiaji hukimbia nusu saa, mapigo yake yanapanda sana, kisha yanashuka na kukaa chini siku nzima. Mchukuzi hupanda kidogo kuliko yeye, lakini hashuki. Presha yake na mapigo yake hukaa juu saa 8, saa 10, siku sita za juma, na hachagui saa ya kuanza wala ya kuacha.

Hilo ndilo jambo tunalotaka mlishike. Kupanda kwa mapigo hakumdhuru mtu mzima. Kutoshuka ndiko kunakomla.

Na kushuka kunapimika. Hakuhitaji hospitali. Lucien Brouha, Mbelgiji aliyewahi kufanya kazi katika Harvard, alipima wafanyi kazi wa viwanda na kuandika njia yake katika kitabu cha mwaka 1960. Mtu akimaliza kipande cha kazi anakaa chini. Nusu dakika ya kwanza inapita bure. Katika nusu dakika ya pili anahesabu mapigo kwenye kiganja, chini ya kidole gumba, kisha anazidisha kwa mbili. Anakaa tena. Dakika ya tatu ikifika nusu, anahesabu mara ya pili vivyo hivyo. Ikiwa namba ya kwanza haikupita 110, na ya pili imeshuka kwa 10 au zaidi, kazi ile inakwenda na mwili wake. Ikiwa ya kwanza iko juu ya 110, na ya pili haijashuka, amerudishwa kazini akiwa bado na deni la gunia lililopita, na kila gunia linaongeza riba. Saa ya mkononi yatosha, au simu.

Umri nao usisahauliwe. Kwa kukadiria tu, mapigo ya juu kabisa ya mtu ni 220 ukitoa miaka yake: kijana wa miaka 25 ana 195, mzee wa miaka 55 ana 165. Gunia moja kwa mwendo mmoja linamla mzee sehemu kubwa zaidi ya alicho nacho. Wataalamu wa kazi wamekubaliana kwamba kwa zamu ya saa 8 mtu asitumie zaidi ya kama theluthi moja ya uwezo wake mkubwa kabisa. Genge linalokwenda kwa mwendo wa kijana mwenye nguvu kuliko wote linakwenda kwa gharama ya wazee wake, na tunalisema hili kwa vijana wetu, si kwa mwajiri peke yake.

Sasa turudi kwa ndugu wa malipo kwa gunia. Ninyi mwasema kupumzika ni hasara. Tunakubali kwamba ni hasara kwa bei ilivyo sasa, na kosa liko katika bei. Bei ya gunia iliwekwa kana kwamba mtu ni winchi. Tunachotaka katika makubaliano si dakika za bure zinazotoka mfukoni mwenu. Tunataka bei ya gunia ihesabiwe pamoja na dakika za kushusha mapigo, na kwamba katika miezi ya joto dakika hizo ziongezwe. Mwajiri akisema hakuna kipimo, mwambieni kipimo kipo, kiko kwenye kiganja cha kila mtu.

Juu ya uzito wenyewe hatutakaa sana. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja, ikiwa unapita kilo 55, upunguzwe upesi mpaka hapo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 uko chini. Gunia la kahawa la kilo 60 liko juu, na ni la watu wawili au la mashine. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumdhuru, na mahali penye watu 20 au zaidi inataka iwepo kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanyi kazi. Wajumbe hao ndio watakaopeleka hesabu za mapigo mezani.

Lakini hapa tuna onyo, na kamati ilibishana juu yake muda mrefu. Hesabu ya mapigo ni kisu chenye makali pande mbili. Mwajiri akipewa daftari lenye majina, jambo la kwanza atakalolitafuta ni mzee ambaye mapigo yake hayashuki, na barua ya kumwachisha itaandikwa jioni ile ile kwa jina la huruma. Kwa hiyo tumepatana hivi. Daftari litakuwa na namba, si majina: genge, saa, uzito, mwendo, mapigo mawili, na umri kwa miaka kumi kumi. Litawekwa katika ofisi ya chama, si ya ghala. Mtu ambaye namba zake ni mbaya ataambiwa na mjumbe peke yake, pembeni, na atapelekwa kupimwa presha kwa fedha za tawi. Na mezani tutasema kwamba genge namba fulani, saa 8 mchana, katika watu 12 mapigo ya watu 9 hayakushuka, au hesabu itakavyotokea. Hatutasema ni nani.

Tutaanza Jumatatu kwa juma mbili. Kila genge lichague mtu mmoja asiye na haraka, mwenye saa ya mshale wa nukta au simu, aje ofisini Jumamosi saa 4 ajifunze kuhesabu. Ni kazi ya nusu saa. Apimwe kila mtu mara tatu kwa zamu: baada ya saa ya kwanza, kabla ya chakula, na katika saa ya mwisho. Asiyetaka kupimwa asilazimishwe. Waliokuwa wakipinga kifungu cha mapumziko tungependa hasa wawe kati ya wahesabuji, wajionee namba kwa macho yao, na wakiona sisi tumezidisha, waje waseme hapa hapa kabla ya kura.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Wenye maswali wanaweza kuuliza sasa, na kipimo cha presha kiko pale mezani karibu na dirisha kwa yeyote ambaye hajawahi kupimwa.